Nambari kwanza, simu baadaye: mwongozo kamili wa vifaa kwa anayetoka Unguja au Pemba kwenda kusoma nje

Kijana akipata barua ya chuo cha nje, swali la kwanza analoniuliza ni anunue simu gani. Wananiuliza hivyo watoto wa Wete, wa Chake, wa Jang'ombe na wa Fuoni, na jibu langu halijabadilika: simu utaipata popote duniani, nambari yako ya nyumbani ikipotea ukishaondoka, huipati mpaka urudi. Benki hutuma tarakimu za siri kwenye nambari hiyo. WhatsApp yako imefunguliwa kwayo. Pesa za simu, akaunti ya bodi ya mikopo, barua pepe uliyoombea ufadhili, vyote vinaiulizia. Na laini ya Tanzania husajiliwa kwa nambari ya NIDA na alama ya kidole. Ikipotea ukiwa Ankara au Kuala Lumpur, hakuna ndugu atakayeweza kwenda dukani Darajani akakurudishia, kwa sababu kidole kinachotakiwa ni chako.

Mimi nilisoma Uturuki. Mengi nitakayoyaeleza yalinipata mwenyewe au yaliwapata wenzangu wa dakhalia, Wazanzibari na wasiokuwa Wazanzibari. Nimeyapanga kwa kufuata safari yenyewe, kuanzia ukiwa bado nyumbani, maana kazi kubwa iko huko. Ukishapanda ndege nusu ya mambo haya hayafanyiki tena.

Miezi miwili kabla: shughulikia laini

Hatua ya 1. Piga *106# uangalie ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengi wetu laini ya kwanza tulipewa na kaka au shangazi tukiwa skuli, na mpaka leo imeandikwa jina lake. Kama laini ya namna hiyo ndiyo iliyounganishwa na benki yako, usisafiri nayo ilivyo. Ama mwende pamoja na mwenye jina kwenye duka la mtandao mkabadilishe umiliki, ama uhamishie benki na barua pepe kwenye laini yenye jina lako. Ukikuta nambari usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako, ikanushe hapo hapo. Na kama bado huna nambari ya NIDA, anza nayo leo, usisubiri viza itoke.

Hatua ya 2. Nenda kwenye duka la mtandao wako, si kwa wakala wa barabarani, uulize maswali matatu. Laini hii ikikaa nje bila kutumika itafungwa baada ya muda gani? Kupokea ujumbe mfupi nikiwa nje kunakatwa pesa? Na huduma ya kutumia laini nje ya nchi, ile romingi, imeshawashwa au naiwasha vipi? Hilo la tatu lifanye ungali hapa, kwa sababu likikataa ukiwa ugenini huna dirisha la kwenda kusimama.

Swali la kwanza nalikazania kwa sababu ya mwenzangu mmoja kutoka Mkoani. Alifika, akanunua laini ya kule, ile ya nyumbani akaitia kwenye bahasha pamoja na vyeti. Alipoitoa baada ya miezi kadhaa ilikuwa imeshakufa, na haukupita muda nambari ikawa ya mtu mwingine kabisa huko bara. Shangazi zake walikuwa wakimpelekea salamu za msiba na harusi mtu wasiyemjua. Benki nayo ikawa haimtambui mpaka aliporudi.

Dawa yake ni ndogo. Weka kumbusho kwenye kalenda ya simu, tarehe 1 ya kila mwezi: washa laini ya nyumbani, hakikisha imeshika mtandao, tuma ujumbe mmoja kwa mtu wa nyumbani. Vocha anaweza kukuwekea yeyote aliyeko Unguja au Pemba. Intaneti ya romingi izime moja kwa moja kwenye mipangilio, na usipokee simu kupitia laini hiyo, kwani ukiwa nje hata anayepokea hukatwa pesa. Kazi ya laini ya nyumbani ni kuwa hai na kupokea tarakimu za siri, basi.

Hatua ya 3. Tafuta simu yenye nafasi mbili za laini, moja ya nyumbani na moja ya ugenini. Siku hizi kuna pia laini isiyo na kadi, inayoingizwa kwenye simu kwa kusoma msimbo kwa kamera. Ni nzuri, lakini mimi laini ya nyumbani ningeiacha kwenye kadi ya plastiki. Simu ikivunjika, kadi unaichomoa ukaitia kwenye simu nyingine, ilhali isiyo na kadi inaweza kukutaka urudi dukani. Nafasi isiyo na kadi iachie laini ya ugenini.

Hatua ya 4. Punguza kuitegemea SMS. Kwenye Google, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha omba tarakimu za akiba. Utapewa kumi, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili, moja ubaki nayo sandukuni, nyingine umwachie mama au mtu unayemwamini kama yeye. Kwenye WhatsApp weka ile nambari ya siri ya tarakimu sita, pamoja na barua pepe ya kuirejesha ukiisahau. Benki waambie unasafiri, nchi gani na kwa muda gani, wasije wakaifunga kadi yako siku unapolipa ada. Uwaulize pia kama programu yao inafunguka ukiwa nje, na kama ukibadilisha simu itakubidi ufike tawini.

Jambo la WhatsApp linawababaisha wengi. Si lazima uhamie nambari ya ugenini. WhatsApp inafanya kazi kwa intaneti yoyote huku ikiwa bado na nambari yako ya Tanzania, na watu wa nyumbani wanaendelea kukupata pale pale. Usibonyeze "badilisha nambari" kwa sababu tu umenunua laini mpya. Unaweza kuiunganisha na vifaa vinne zaidi, ikiwemo laptopu, ila simu yenyewe ikikaa siku 14 bila intaneti, vifaa hivyo vitatolewa. Akaunti isiyotumika kabisa kwa siku 120 hufutwa.

Kununua hapa au kununua kule

Wenye umri wangu wanaikumbuka Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima. Siku zile tulijifunza kubonyeza *#06# na kusoma IMEI, ile nambari ya utambulisho ya simu yenyewe. Elimu ile ichukue usafiri nayo. Kabla ya kununua simu Darajani au Mlandege, soma IMEI kwenye skrini, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi ndilo hilo unalouziwa. Nambari zote mbili, kama simu ina laini mbili, ziandike kwenye daftari.

Kisha ujue kwamba ziko nchi ambazo simu halali iliyonunuliwa nje huzimwa pia. Uturuki ndiyo kali zaidi. Simu uliyoingia nayo ukiitia laini ya Kituruki itafanya kazi siku 120, halafu inafungiwa mtandao mpaka uisajili na kulipa ada, na ada yenyewe ni makumi ya maelfu ya lira, tena hupandishwa mwaka hadi mwaka. Mimi sikuambiwa na mtu. Yangu ilikata siku chache kabla ya mitihani, nikadhani laini imeharibika, nikapanga foleni dukani kwa asubuhi nzima, ndipo nikaelezwa. Ada ilikuwa kubwa kuliko bei niliyonunulia simu. Misri nayo tangu mwaka 2025 ina utaratibu wake wa kutoza ushuru simu zinazotoka nje, na Pakistan ina wake. Anayekwenda nchi hizo asitie pesa zake zote kwenye simu ya fahari kabla ya kuondoka.

Kwa anayekwenda Uturuki, mpango uliotufaa sisi ni huu. Simu uliyotoka nayo nyumbani ibaki na laini yako ya Tanzania. Hiyo haifungiwi, kwa sababu kinachozuiwa ni laini ya Kituruki ndani ya simu isiyosajiliwa. Kule kule nunua simu ya bei ndogo iliyokwisha sajiliwa, hata iliyotumika ilimradi ya dukani yenye risiti, uitie laini ya Kituruki. Simu ndogo inatoa intaneti, kubwa inaipokea kwa hotspoti. Unatembea na simu mbili mfukoni, lakini hulipi ada na hukosi mtandao.

Laptopu haina habari ya IMEI, kwa hiyo ninashauri uende nayo. Ukinunua Ujerumani, Ufaransa au Uturuki utapewa kibodi yenye herufi zilizopangwa kwa lugha yao, na vidole vyako vitahangaika muhula mzima. Kwa masomo ya kuandika na kusoma, kumbukumbu ya ndani ya gigabaiti 8 inatosha. Anayekwenda kusoma uhandisi, usanifu au programu za kompyuta atafute 16. Hifadhi iwe ya SSD, si ile diski ya zamani inayozunguka, kwani begi hutupwa na kudondoshwa njiani na diski ya kuzunguka haipendi hayo. Ukiweza, nunua angalau mwezi mmoja kabla. Ubovu wa kiwandani mara nyingi hujitokeza wiki za mwanzo, na utakuwa bado uko karibu na aliyekuuzia.

Soketi, chaja na ekstensheni

Kwetu umeme ni wa volti 230 na soketi ni zile za pini tatu bapa alizotuachia Mwingereza. Ukienda Uingereza, Malaysia au Saudia utazikuta zile zile. Uturuki, Ujerumani, Urusi, Misri na Algeria wanatumia pini mbili za duara. India wana zao za duara tatu pamoja na mbili. China ziko za aina zaidi ya moja kwenye ukuta mmoja. Marekani ni pini mbili bapa nyembamba na umeme wa volti 120 tu, Japani 100.

Soma maandishi madogo kwenye chaja yako. Ikiwa imeandikwa 100–240V, na chaja za simu na laptopu karibu zote ndivyo zilivyo, itafanya kazi dunia nzima, unachohitaji ni adapta ya pini tu. Lakini pasi, birika la umeme na mashine ya kukaushia nywele za kwetu ni za volti 220 hadi 240. Ukizipeleka Marekani hazitopata moto wa kutosha, na hata nchi yenye volti sawa, dakhalia nyingi zimepiga marufuku vitu vya kupasha moto vyumbani. Ziache nyumbani.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni ekstensheni moja nzuri ya soketi nne, ya kwetu, pamoja na adapta moja tu. Adapta inaingia ukutani, ekstensheni inaingia kwenye adapta, na vifaa vyako vyote vinachomekwa kama uko nyumbani. Ni kwa ajili ya chaja na laptopu peke yake, usithubutu kuchomeka hita humo, maana adapta ndogo haistahimili mzigo huo na huyeyuka.

Mkobani na uwanjani

Pawabenki haiingii kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Inakwenda mkononi, na sheria hii ni ya ndege zote, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huko chini hakuna wa kuizima. Kiasi kinachoruhusiwa bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100. Hesabu yake ni hii: chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 inatoka 74, unapita nayo. Ya 30,000 inatoka 111, na hiyo mpaka shirika la ndege likubali. Ikiwa maandishi yamefutika, walinzi wanaweza kukunyang'anya hata kama ni ndogo, basi usichukue iliyofutika. Emirates tangu Oktoba 2025 hawaruhusu kuitumia ndani ya ndege, na kila abiria anaruhusiwa kubeba moja tu. Na anayekwenda China akabadilisha ndege ya ndani ya nchi hiyo, ajue kwamba tangu Juni 2025 pawabenki isiyo na alama yao ya usalama iitwayo 3C haipandi ndege hizo.

Karatasi bado zina kazi. Barua ya chuo, barua ya ufadhili, anwani ya dakhalia na nambari ya simu ya mtu wa chuo, zichapishe uwe nazo mkononi unapoingia uwanja wa Abeid Amani Karume. Afisa wa uhamiaji hatosubiri simu yako ipate chaji. Zipige picha pia, pamoja na pasi ya kusafiria na cheti cha kuzaliwa, uzihifadhi ndani ya simu kwa namna ya kufunguka bila intaneti. Pakua ramani ya mji unaokwenda na lugha yake kwenye programu ya tafsiri kabla ya kuondoka. Kama wanaandika kwa herufi zisizo zetu, anwani iwe kwa herufi zao, kwani dereva wa teksi ndiye atakayeisoma.

Anayeomba viza ya masomo ya Marekani ajue kwamba fomu inauliza majina yake ya mitandao ya kijamii, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi hutakiwa kuziacha wazi kurasa zao zikaguliwe. Pitia ulichoandika, na jaza kila akaunti kwa ukweli. Kuficha moja ni kosa kubwa kuliko kilichomo ndani yake.

Wiki ya kwanza

Laini ya ugenini isinunuliwe uwanjani ikiwa unaweza kuvumilia siku moja. Vifurushi vya uwanjani ni vya watalii na bei zake ni za watalii. Tumia waifai mpaka ufike mjini, uende na pasi na barua ya chuo kwenye duka rasmi, uulize kifurushi cha wanafunzi. Nambari hiyo mpya ndiyo itakayofungua mambo ya nchi hiyo. Saudia hufanyi kitu bila Absher, programu ya huduma za serikali yao, na Absher inataka nambari ya simu ya Saudia. Uturuki nenosiri la e-Devlet, tovuti ya huduma za serikali, unalichukua kwenye posta, ukishapata nambari ya kitambulisho cha mgeni inayoanza na 99. Uingereza vile vikadi vya ukaazi viliisha muda mwisho wa 2024, sasa ruhusa yako iko mtandaoni na kuifungua kunataka tarakimu zinazotumwa kwa simu au barua pepe. Kwa hiyo ukibadilisha nambari, kasahihishe huko siku hiyo hiyo.

China ni somo peke yake. Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube zimefungwa. Mawasiliano na malipo yote yako WeChat na Alipay. Fungua WeChat ukiwa bado hapa, kwani usajili wake mara nyingi hutaka mtu mwenye akaunti akuthibitishe, na ukiwa nyumbani utampata Mzanzibari aliyesoma huko akusaidie. Waingize na wazee kwenye WeChat kabla hujaondoka, ukae nao chini uwafundishe kupokea simu ya picha. Barua za chuo usizipokelee Gmail, tafuta anwani inayofunguka huko. Kwa anayekwenda Emarati: ujumbe wa WhatsApp unakwenda, lakini kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa.

Chuoni ulizia eduroam. Ni waifai ya vyuo inayotambulikana nchi zaidi ya 100. Ukiiweka mara moja kwa akaunti ya chuo chako, simu hujiunga yenyewe hata ukitembelea chuo kingine mji mwingine. Mimi nilipunguza bando karibu lote kwa hiyo.

Darasani

Usirekodi mhadhara bila kuomba ruhusa, hata kama lugha inakupita kasi na unataka kuusikiliza usiku. Muombe mwalimu kwa upole mwanzo wa muhula, wengi hukubali. Pengine kurekodi kwa siri ni zaidi ya utovu wa adabu: Ujerumani kurekodi maneno ya faragha ya mtu bila idhini yake ni kosa la jinai. Kwenye mtihani, saa janja ni sawa na simu, ivue uiache nje. Na kuhusu programu za akili mnemba, kila mwalimu ana mpaka wake. Soma karatasi ya kozi, ukiona haikutaja, uliza kwa maandishi upate jibu la maandishi.

Jingine ni saa, na hili ni letu sisi Waswahili. Kazi ya chuo inatakiwa "12:00", kichwa kinasoma saa kumi na mbili, unajiona una mpaka magharibi, kumbe ni saa sita mchana na mlango umeshafungwa. Nimemwona binti wa Unguja mwenye akili sana akipoteza alama kwa hilo. Weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24 na kila tarehe ya mwisho iingize kwenye kalenda kama ilivyoandikwa, bila kuigeuza kichwani. Ile ya 23:59 ni saa sita usiku kasoro dakika moja.

Programu ya nyakati za sala nayo ibadilishe mji na njia ya hesabu. Ukiiacha kwa Zanzibar utasali na kufuturu kwa jua la kwetu.

Baridi itakushangaza pia. Betri ya lithiamu kwenye baridi kali hushuka ghafla, simu ikazima ikiwa na asilimia 30. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiichaji ikiwa imeganda, isubiri ipate joto la chumba kwanza.

Nyumbani na wewe

Sehemu hii wenye miongozo mingine huiruka, nami naiona ndiyo nzito. Mwezi wa kwanza nilikuwa nyumbani kwa simu. Asubuhi naangalia picha za baraza letu, mchana kundi la ukoo, usiku naongea na bi mkubwa mpaka nalala. Mwili uko Uturuki, mtu yuko Wete. Kituruki hakikuingia na marafiki sikupata. Kaka mmoja aliyenitangulia ndiye aliyenishauri nipange siku na saa, nikapanga: Jumatano na Jumapili baada ya isha. Mama mwanzo alinung'unika, baadaye akawa anaisubiri saa hiyo akiwa ameshakoga na kujitanda khanga yake nzuri.

Upangapo, angalia tofauti ya saa. Uturuki ni sawa na sisi mwaka mzima. India iko mbele kwa saa mbili na nusu, Malaysia na China kwa saa tano. Uingereza iko nyuma kwa saa tatu, na wakati wa kiangazi chao mbili.

Kama mzee wako ana kitochi, usimlazimishe simu janja wiki ya mwisho. Mteue mdogo wako au jirani mmoja awe ndiye anayempelekea simu siku za mazungumzo, umnunulie huyo bando. Pia uwe na njia ya kupiga simu ya kawaida bila intaneti. Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na vijana waliokuwa nje wakitegemea WhatsApp peke yake walikaa hawajui habari za wazazi wao. Tia salio dogo la kupigia nje kwenye laini ya ugenini, na nambari za watu watatu wa nyumbani zihifadhi kichwani.

Matapeli nao wanajua kwamba una ndugu wanaokuhurumia. Wote tunaijua ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mtu aliye nje analengwa zaidi, kwa sababu nyumbani hawawezi kuja kumwona. Akaunti yake ikitekwa, ndugu wanapokea maneno kwamba amekamatwa au amelazwa, apelekewe pesa upesi. Kubalianeni neno moja la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu, jina la mnazi wenu au la ng'ombe wa babu. Anayeomba pesa bila kulitaja neno hilo hapewi, hata kama sauti ni yako. Nambari ya tapeli ipelekwe 15040. Na tarakimu za uthibitisho usimpe yeyote, awe amejitambulisha kuwa benki, uhamiaji au binamu.

Simu ikiibiwa ugenini

Fanya kwa mpangilio huu, na usianze kulia kwanza, ingawa utalia. Kwa simu ya rafiki, ingia kwenye akaunti yako ya Google au Apple, uifunge simu kwa mbali. Ikiwa utaulizwa tarakimu za uthibitisho, hapa ndipo karatasi yako ya sandukuni inapofanya kazi. Halafu pigia benki, ya nyumbani na ya ugenini. Halafu pigia mtandao wako wa Tanzania waifunge laini. Nambari fupi za huduma kwa wateja hazipatikani kutoka nje, kwa hiyo ile nambari ndefu inayoanza na +255, ya mtandao na ya benki, iwe imeshaandikwa kwenye karatasi ile ile. Ripoti polisi ukiwa na IMEI kutoka kwenye daftari. Laini ya ugenini unarudishiwa siku hiyo kwa pasi.

Ya nyumbani itasubiri mpaka urudi. Wajulishe ndugu wote kwamba nambari ile haitumiki, na WhatsApp sasa hapa unahamia nambari ya ugenini, kwa kuwa huna njia nyingine.

Ukirudi likizo, kabla hujaanza kuzungushwa majumbani, tenga asubuhi moja. Nenda duka la mtandao urudishe laini iliyopotea, au hata kama haikupotea, hakiki kwa *106# kwamba bado ni yako. Pita benki usahihishe simu mpya kwenye programu yao. Badilisha tarakimu za akiba za Google, kwani za mwaka jana baadhi umeshazitumia, na karatasi ya mama uichane mbele yake umpe mpya. Nakili picha na kazi zote za chuo kwenye diski ya nje uiache kabatini, Pemba au Unguja, ibaki hapo wakati wewe unarudi kusoma.